Mikahawa ya Kihabeshi isituondolee sinia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonisikitisha Ijumaa iliyopita, nilipompeleka mama yangu mdogo na wanawe wawili, waliokuja kunitembelea kutoka Lamu, katika mkahawa mpya wa Kihabeshi, yaani wa chakula cha Ethiopia, hapa Nairobi, mmoja wa hii inayojitangaza kuwa ya kisasa. Nilikuwa nimewasifia sana chakula hicho, nikiwaambia kwamba watajiona wako nyumbani kwa sababu Wahabeshi, kama sisi watu wa pwani, hunawa wakala pamoja katika sinia moja kwa mkono wa kulia.

Tuliyoyakuta ni mengine. Kila mmoja aliletewa sahani yake, uma na kisu, na injera, ule mkate wao mpana na mwembamba kama chapati, iliyokatwa vipande na kukunjwa pembeni kama kitambaa cha mezani, huku dengu zikiwa katika kibakuli. Injera si kitu cha kuwekwa pembeni. Hutandazwa ikafunika sinia, michuzi ikapakuliwa juu yake, watu wakamega kutoka ukingoni wakielekea katikati, na ile sehemu ya chini iliyonyonya mchuzi wote ndiyo inayogombewa mwishoni. Hapo ndipo penye gursha, yaani tonge ambalo mtu humlisha mwenzake kwa mkono wake kumwonyesha mapenzi na heshima, na sioni litapatikanaje baina ya watu wanne walioinamia sahani nne. Nilipouliza, mhudumu alinijibu kwa adabu kwamba wateja wa siku hizi hawapendi kuchangia sinia. Huenda wapo wasiopenda, na hao wapewe sahani, lakini sisi hatukuulizwa.

La pili ni unga. Injera ya tefu, nafaka ya Ethiopia yenye punje ndogo sana, huachwa ichachuke kwa siku mbili tatu kabla ya kumiminwa kwenye bamba la moto, nayo hutoka laini, yenye vitobo tele na uchachu wa kupendeza. Tuliyokula haikuwa na uchachu wowote, na mpishi alikiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa ngano. Simlaumu kwa kuchanganya, kwani tefu ni ghali, na mwaka 2006 Ethiopia ilipiga marufuku kuuza nje nafaka hiyo ili bei isiwashinde wananchi wake, marufuku iliyodumu miaka kadhaa. Kosa ni kuandika kwenye menyu kwamba injera ni ya tefu tupu. Tefu haina gluteni, ile protini iliyomo katika ngano, na mtu ambaye mwili wake haustahimili ngano anaweza kuyaamini maandishi hayo akaugua.

Chakula chenyewe kilikuwa kitamu, na ni haki niseme. Waorthodoksi wa Ethiopia hawali nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo tuliagiza beyaynetu ya mfungo, yaani mchanganyiko wa vyakula kadhaa: dengu nyekundu zilizokolezwa berbere (viungo vyao vyenye pilipili), shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), kabichi, na gomen, ambayo ni sukuma wiki ile ile tunayoijua. Mama mdogo hakuamini kwamba hamkuwa na samli.

Kahawa ndiyo iliyomvunja moyo. Alitazamia kuona buni zikikaangwa mbele yetu na moshi wake ukipitishwa tuunuse, kisha zitwangwe na kupikwa katika jebena, birika lao la udongo, huku ubani ukifukizwa, na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mikono, kama vyetu vya pwani, mara tatu: abol, tona, na ile ya mwisho ambayo hata wao huiita baraka. Aliletewa kikombe kimoja kilichotoka kwenye mashine.

Nawaomba wenye mikahawa hii wabaki na viti vyao vizuri na usafi wao, ambao naupenda, ila wamwulize mteja anapoketi kama anataka sinia au sahani, waandike kwa ukweli unga walioutumia, na jebena irudishwe, hata kama ni kwa saa mbili za jioni tu.

Mzaliwa wa Lamu,
Nairobi