Tuwaonyeshe wanafunzi wa Kanda ya Ziwa umbo la himoglobini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kwa walimu wenzangu wa baiolojia na kemia mkoani Mwanza. Tukifika kwenye mada ya protini tunawakaririsha wanafunzi ngazi nne za umbo lake, wanajibu mtihani, kisha wanasahau. Ilhali Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini, na ugonjwa huo haueleweki sawasawa bila kulitazama umbo la protini moja, himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu.

Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti na ya watu wenye afya inapopitishiwa umeme, na mwaka 1957 Vernon Ingram akabainisha chanzo: kati ya amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake, nayo leo tunajua iko nafasi ya sita katika mnyororo wa beta, mmojawapo wa minyororo inayounda himoglobini, wenye amino asidi 146. Umbo lenyewe lilichelewa. Max Perutz alianza kupiga eksirei fuwele za himoglobini huko Cambridge mwaka 1937, akapima namna miale inavyotawanyika, na ni mwaka 1959 tu, baada ya kubuni njia ya kupachika atomi nzito za zebaki ndani ya fuwele, ndipo alipoweza kukokotoa picha ya molekuli nzima. Uvumilivu huo nauheshimu sana.

Umbo ndilo linalojibu maswali ya wazazi. Valini ile, isiyopatana na maji, hujitokeza nje ya molekuli, na himoglobini inapoachia oksijeni huingia katika kishimo kilicho kwenye molekuli jirani, nayo jirani hushika nyingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zinazoikunja seli nyekundu. Mtoto mchanga haonyeshi dalili miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, isiyojiunga na nyuzi hizo. Na dawa ya haidroksiyurea husaidia kwa kuiongeza himoglobini hiyohiyo. Mama akielezwa hivi, hana sababu ya kumtafuta mchawi.

Najua kuna watakaosema elimu hii inahitaji mitambo tusiyo nayo. Ni kweli kwamba Afrika nzima haina sinkrotroni, mtambo unaotoa eksirei kali za kazi hii, na hadubini za elektroni zinazopiga picha molekuli zilizogandishwa ghafla, ambazo waanzilishi wake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017, ni ghali mno. Hata hivyo matokeo ya mitambo hiyo yamewekwa wazi kwa kila mtu katika Benki ya Data za Protini, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971, wala hailipishi chochote.

Kwa hiyo napendekeza kidato cha tano na sita wapewe kazi moja ya vitendo kwenye kompyuta ya shule: wafungue kutoka benki hiyo faili 2HHB, ambayo ni himoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni, kisha 2HBS, ya selimundu, waitafute valini ya sita na kuonyesha imegusana na amino asidi zipi za molekuli ya pili. Vipindi viwili vinatosha, na shule isiyo na intaneti inaweza kunakiliwa mafaili hayo kwenye flashi.

Mwalimu wa baiolojia,
Nyegezi, Mwanza