Kitabu Kimoja, Waandishi Wengi: Risala ya Klabu ya Usomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha katika Siku hii ya Taaluma. Tunakushukuru pia wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako za chuo kikuu na kuja kukaa nasi. Hatukukualika kwa bahati. Mwalimu wetu mlezi alituonyesha sura uliyoiandika ndani ya kitabu chenye waandishi wengi, na tangu siku hiyo tumetamani kumwona mtu ambaye jina lake limo kwenye yaliyomo ya kitabu cha namna hiyo. Kwa hiyo risala yetu inahusu vitabu hivyo: vile ambavyo wanazuoni wengi, kila mmoja na fani yake, hukubaliana kuandika juu ya swali moja kwa pamoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu inawakusanya wanafunzi wa tahasusi, yaani makundi ya masomo, za sanaa (HGL na HKL) na za sayansi (PCB na CBG). Ratiba inatutenganisha tangu asubuhi hadi jioni. Wa historia wako na ramani na tarehe zao, wa baiolojia wako maabara, na mitihani inatupima kila mmoja kwenye chumba chake. Tulipoanza kusoma vitabu vya waandishi wengi tuliona kwamba maswali makubwa hayafuati tahasusi. Anayetaka kujua watu walifikaje mahali fulani anamhitaji mwanaisimu, mwanaakiolojia, mtaalamu wa miamba, na bibi anayekumbuka alichosimuliwa na bibi yake.

Kitabu kilichotufungua macho ni Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliamua kuianzisha mwaka 1964, wakati nchi nyingi za bara letu zilikuwa ndiyo kwanza zimepata uhuru, huku watoto wao wakiendelea kufundishwa historia iliyoandikwa na waliowatawala. Iliundwa kamati ya kimataifa ya wanazuoni 39, theluthi mbili yao Waafrika, na sura zikagawiwa wataalamu zaidi ya 200. Toleo la Kiingereza lilitoka katika juzuu nane kati ya mwaka 1981 na 1993. Kila juzuu ilikuwa na mhariri wake: Joseph Ki-Zerbo wa Burkina Faso alisimamia ya kwanza, Gamal Mokhtar wa Misri ya pili, Djibril Tamsir Niane wa Guinea ya nne, Bethwell Ogot wa Kenya ya tano, Adu Boahen wa Ghana ya saba, na Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, ya nane.

Juzuu ya kwanza haikimbilii wafalme na vita. Inaanza kwa kuuliza tunajuaje tunayoyajua. Mwanahistoria Jan Vansina anaeleza jinsi ya kuyapima masimulizi ya mdomo, na Amadou Hampâté Bâ wa Mali anaandika juu ya masimulizi hayo kama mtu aliyelelewa ndani yake. Zipo sura za lugha, za akiolojia na mbinu za kukadiria umri wa masalia, na za mabadiliko ya tabianchi katika enzi za kale sana. Mwenzetu mmoja wa CBG, ambaye alikuwa akisema historia ni kukariri, aliisoma sura hiyo ya tabianchi kwa siku kadhaa, kisha akatufundisha sisi wa HGL.

Tunaomba kukaa kidogo kwenye juzuu ya pili, kwa sababu hapo ndipo tulipojifunza jambo lililobadilisha klabu yetu. Waandaaji walifika kwenye swali gumu: Wamisri wa kale walikuwa watu gani? Badala ya mhariri kuamua peke yake ofisini, UNESCO iliitisha kongamano mjini Cairo, kuanzia tarehe 28 Januari hadi 3 Februari 1974. Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville walitetea hoja kwamba Wamisri wa kale walikuwa Waafrika weusi. Walileta ushahidi wa sanamu na michoro, maandishi ya Wagiriki wa kale, na ulinganisho wa Kimisri cha kale na lugha nyingine za Afrika, Kiwolofu ikiwa mojawapo. Wengine walishikilia kwamba watu wa bonde la Nile walikuwa mchanganyiko tangu zamani sana. Hawakuafikiana.

Kilichofuata ndicho kinachotugusa. Sura ya Diop iliwekwa ya kwanza kabisa katika juzuu hiyo, na mara baada yake ikachapwa ripoti ya kongamano, ikionyesha nani alisema nini na nani alimpinga. Ripoti yenyewe inaeleza kwamba si washiriki wote walioandaa mawasilisho ya kina yanayolinganishwa na ya Diop na Obenga, na kwamba jambo hilo liliupunguzia mjadala uwiano. Sisi tumezoea notisi ambazo kila swali lina jibu moja na alama zake. Hapa tulikuta kitabu chenye heshima duniani kinamwambia msomaji kwamba wataalamu wamebishana mpaka mwisho, ushahidi ni huu, soma. Tunaamini kwa dhati kwamba mwanafunzi aliyesoma kurasa hizo hawezi tena kuridhika na kukariri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hata sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya kazi hiyo, na si kama wasimuliwaji tu. Juzuu ya sita ina sura ya pwani na bara ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1845 na 1880, iliyoandikwa na marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mtanzania mwenzetu. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Ogot na J. A. Kieran walikuwa wamehariri Zamani, kitabu kilichowakusanya wanahistoria wa eneo letu zima, na mwaka 1969 Kimambo na Arnold Temu wakahariri historia ya Tanzania ambayo kila kipindi kilikabidhiwa mwandishi wake. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa haujafikisha hata miaka kumi. Wanazuoni wetu hawakungoja apatikane bingwa mmoja wa kuandika yote. Kila mmoja alileta sehemu aliyoifanyia utafiti.

Wenzetu wa sayansi walitaka nao wasikike, na walituletea Serengeti.

Mwaka 1979 A. R. E. Sinclair na M. Norton-Griffiths walihariri kitabu cha kwanza cha kitaalamu kilichoiangalia Serengeti kama mfumo mmoja wa ikolojia. Vingine vikafuata mwaka 1995, 2008 na 2015, na katika hivyo viwili vya mwisho Mtanzania Simon Mduma ni mmoja wa wahariri. Habari iliyotushangaza ni ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaowashika pia wanyamapori. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usioelezeka, na uliendelea kuwasumbua nyumbu kwa miongo mingi. Ng'ombe wa maeneo yanayopakana na hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulikwisha hata kwa wanyamapori. Nyumbu, waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita milioni 1.2 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi nao ukapungua. Moto ulipopungua, miche ya miti ikapona na misitu ikaanza kurudi.

Tafadhali fikirieni ni nani angeweza kuyaona yote hayo peke yake. Daktari wa mifugo alikuwa na habari za chanjo. Aliyehesabu nyumbu kutoka angani alikuwa na hesabu zake. Mtaalamu wa miti aliona miche inaota mahali ambapo awali haikuwa ikiota, na bila wenzake asingejua kwamba chanzo chake ni sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji. Vitabu vya baadaye viliwaongeza wachumi na wataalamu wa jamii, kwa sababu kaya zinazoishi kando ya hifadhi nazo ni sehemu ya habari hiyo. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani kote.

Wapo pia waliotaka tueleze kwa kirefu kuhusu kazi kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoongozwa kutoka bustani ya Kew, London, na kuchapwa sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1952 hadi 2012. Muda hautoshi. Itoshe kusema kwamba wataalamu zaidi ya 100 walieleza spishi zaidi ya 12,000, na waliotangulia wengi wao hawakuishi kuiona sehemu ya mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusoma tulitaka kufanya. Mwaka huu klabu yetu imeanza kuandika kitabu cha kata yetu. Kila sura ina waandishi wake: udongo na miamba, vyanzo vya maji, mitishamba na matumizi yake, mnada wa ng'ombe, shule hii tangu ilipojengwa, na masimulizi ya wazee juu ya nani alifika kwanza. Wahariri tuliwachagua kwa kura, mmoja wa sanaa na mmoja wa sayansi.

Tuliyofikiri yangekuwa mepesi yamekuwa mazito. Kuandaa faharasa, ile orodha ya majina na maneno mwishoni mwa kitabu, kwa mfano, tulidhani ni kazi ya siku ya mwisho. Tulipoianza tu tukagundua kwamba kijito kimoja kinaitwa kwa jina moja katika sura ya maji na kwa jina tofauti katika sura ya masimulizi, na waandishi wa sura hizo mbili walikuwa hawajawahi kuzungumza. Walipokaa pamoja ikabainika kwamba jina la pili ni la zamani, lilitumika kabla njia ya maji haijahamishwa. Sura zote mbili ziliandikwa upya na zikawa bora zaidi.

Jambo la pili lilikuwa la wazee. Koo mbili zinatofautiana juu ya aliyekuwa wa kwanza kunywa maji ya chemchemi, na kila upande una majina ya mababu na sababu zake. Wengine wetu walitaka tuchague simulizi moja ili kitabu kisilete maneno mtaani. Tukakumbuka Cairo. Tumeyaandika masimulizi yote mawili kwa maneno ya wazee wenyewe, tukayasoma mbele yao, kisha tukaweka taarifa fupi ya mahali yanapokubaliana na mahali yanapoachana. Wazee wa pande zote wameridhia, na mmoja wao yupo hapa leo miongoni mwa wageni. Tunamshukuru sana.

Pamoja na hayo, zipo changamoto. Vitabu hivi ni ghali, na kimoja tu kinaweza kumaliza bajeti ya maktaba yetu ya muhula mzima. Juzuu za UNESCO zinapatikana bure kwenye intaneti, lakini kompyuta tulizonazo ni chache na klabu yetu huzipata jioni tu, baada ya vipindi. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza kizito. Tunafurahi kwamba baadhi ya juzuu za Historia Kuu zilitafsiriwa kwa Kiswahili katika toleo lililofupishwa, ila hatujafanikiwa kupata hata nakala moja. Na jambo linalotuuma zaidi ni hili: katika vitabu vingi vya kitaalamu vinavyoihusu ardhi yetu, waliopita porini na kukusanya sampuli au waliowahoji wazee hutajwa kwenye shukrani tu, kama wanatajwa. Tunaona si haki. Katika kitabu chetu, kila aliyefanya kazi ya sura jina lake litakuwa kwenye sura hiyo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta mbili na mashine ya kuchapishia, tuweze kusoma juzuu za bure na kuuchapa mswada wetu. Tunaomba utuombee kwa chuo chako nakala za Kiswahili za Historia Kuu, hata kama ni zilizotumika. Tunaomba barua ya utambulisho itakayotuwezesha kusoma nyaraka za zamani za halmashauri zinazohusu kata yetu, kwa kuwa sura ya shule ina miaka ambayo hatuna karatasi yake hata moja.

Ombi la mwisho ndilo kubwa kwetu. Tumeelezwa kwamba kitabu cha kitaalamu hakichapwi kabla sura zake hazijasomwa na wahakiki wasio na upendeleo. Tunakuomba wewe na wenzako wa idara nyingine, wa jiolojia, wa mimea na wa isimu, mkubali kuwa wahakiki wetu. Msitusomee kwa huruma kwa sababu sisi ni wanafunzi. Palipo na kosa pigeni mstari, palipokosa ushahidi tuulizeni tumeupata wapi. Nakala ya mswada tumeiweka mezani mbele yako, na kurasa za kulia tumeziacha wazi kwa ajili ya maoni. Sura ya maji bado haijakamilika. Waandishi wake wanasubiri mvua za masika ili wapime chemchemi kwa mara ya pili, na watakuletea wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Usomaji,
Kidato cha Tano na cha Sita