Mchoro Uliopotea Usipatikane kwa Urahisi Hivyo

Mpendwa Rehema,

Hujambo, na nyumbani wote hawajambo? Mswada wako nimeumaliza. Mapenzi ya Nadia na Paolo yameniingia moyoni, usiyaguse. Kinacholegea ni taharuki, tena pale pale mchoro unapopatikana: Paolo anapangusa vumbi, sahihi ya Caravaggio, yule mchoraji wa Italia wa zama za kale, inatokea, na wote wanaamini. Kazi ya Caravaggio inayojulikana kuwa na sahihi yake ni moja tu, ile ya Malta ya kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Mtaalamu akiona sahihi nyingine ataingiwa na shaka.

Tazama kisa cha mchoro wake "Kukamatwa kwa Kristo". Ulitundikwa miaka mingi kwenye ukumbi wa kulia chakula wa Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, mjini Dublin, ukidhaniwa ni kazi ya Mholanzi Honthorst. Mwaka 1990 Sergio Benedetti, mkarabati wa michoro wa jumba la sanaa la taifa la Ireland, aliuona, akashtuka. Haukutangazwa hadi 1993. Miaka hiyo ya kunyamaza ndiyo riwaya yako, Rehema!

Upande mmoja kulikuwa na karatasi. Watafiti wawili vijana, Francesca Cappelletti na Laura Testa, walipekua nyaraka za ukoo wa Mattei huko Recanati, Italia, wakakuta Caravaggio amelipwa skudi 125, sarafu za Italia za wakati huo, kwa mchoro huo mwezi Januari 1603. Mwaka 1802 ukoo huo ulimuuzia Mskoti William Hamilton Nisbet mchoro huo, tayari ukiitwa wa Honthorst. Hakuna aliyeuiba, jina lisilo lake ndilo lililouficha. Upande wa pili ni turubai lenyewe: sikio la Yuda lilichorwa kwanza mahali pengine, kisha likahamishwa. Anayenakili hahangaiki hivyo, kwa kuwa kazi iliyokamilika iko mbele yake.

Basi Nadia mpe daftari za hesabu, Paolo mpe maabara, halafu wapishane. Paolo akute kwenye mchoro buluu ya Prussia, rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ilhali Caravaggio alifariki mwaka 1610. Nadia atavunjika moyo, lakini huenda ni kiraka cha mkarabati wa zamani. Paolo atoe chembe ndogo kuliko kichwa cha pini, aikate wima, ahesabu matabaka kwa hadubini. Buluu ikiwa juu ya vanishi ya zamani, bado kuna matumaini. Ikiwa chini kabisa, ndoto imekwisha, na yeye ndiye wa kumwambia mpenzi wake. Tukio hilo litambana msomaji kuliko bastola ya sura ya 12.

Kuhusu mwizi wako: asiuviringe mchoro kwenye bomba jembamba, rangi ikiwa ndani. Rangi ya mafuta ya miaka 400 imekauka, itabanana na kubanduka vipande. Anayejua huviringa kwenye bomba nene, rangi ikitazama nje. Wezi wa kweli mara nyingi hawajui. Nakala ya mchoro huu huu ilikatwa kwenye fremu yake huko Odesa mwaka 2008, ikapatikana Berlin mwaka 2010. Ukitaka aharibu, sawa, ila Paolo auone uharibifu huo na aulilie.

Sura ya 9 ukishaiandika upya, nitumie hiyo kwanza.

Wako akupendaye,
Salma