Rehema, vitabu ulivyoniuliza (na lile koti la yadi 20)

Rehema shoga yangu,

Asalam aleikum. Za Tanga, wanao wazima, na yule mdogo kashaacha kunyonya au bado anakusumbua? Huku Tabata tupo, mvua tu ndo zinatutesa, toka kwangu mpaka barabarani nabeba viatu mkononi.

Voisi yako, ile ya kuniuliza uanze na vitabu gani vya wafanyakazi na mapinduzi ya karne ya 19, nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kulikoni. Yani umelibeba lile dude la Marx, Das Kapital, kwa shemeji yako, umefungua mwanzo mwanzo tu unakuta yadi 20 za kitani ni sawa na koti moja, ukafunga kitabu ukasema huyu mzee hajawahi kushona, koti gani linakula yadi 20! Fundi bwana. Sasa nikwambie, hakusema koti linatoka kwenye zile yadi 20, anasema sokoni vinabadilishana, kitani yote ile kwa koti moja, alafu anauliza humo ndani ya vyote viwili kuna nini mpaka vilingane, na jibu lake ni kazi ya mtu. Ila chapta ile hata mimi ilinitoa jasho mara mbili na sio ujinga wetu, mwenyewe kwenye dibaji anaonya kwamba mwanzo ndo mgumu kuliko kote.

Kwaiyo ruka. Nenda chapta ya 10 kwenye tafsiri ya Kiingereza, ile ya siku ya kazi. Na sio mimi naibuni njia hii, kitabu kilipotoka 1867 Marx alimwandikia rafiki yake daktari Kugelmann amwambie mkewe aanze na sehemu kama hizo zinazosomeka, hiyo ikiwemo. Humo utakutana na Mary Anne Walkley, na wewe utamjua kuliko mimi maana mkesha wa Idi unaujua. Binti wa miaka 20, fundi wa nguo London, Juni 1863. Kulikuwa na dansi kubwa ya heshima ya mke wa mtoto wa malkia, mabibi wanataka magauni na wanayataka jana, basi mabinti 60 wakashonishwa saa 26 na nusu mfululizo, 30 kwenye chumba kimoja hewa hamna. Mary Anne akaugua Ijumaa, Jumapili akafa, na tajiri wake alichoshangaa, Marx anasema kwa kejeli yake ile, ni kwamba kafa bila kumaliza nguo aliyokuwa nayo mkononi. Daktari akasema wazi mbele ya baraza la uchunguzi kwamba kilichomuua ni saa nyingi na msongamano, baraza likaandika kiharusi, ila labda kazi nayo imeharakisha. Labda! Hii sio riwaya, iliandikwa magazetini wakati huohuo.

Ukimaliza hapo shika cha Engels, mwenzie Marx, kile cha hali ya wafanyakazi Uingereza, cha 1845. Huyu alifika Manchester 1842 ana miaka 22, mtoto wa tajiri, baba yake ana ubia kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba, mchana yuko ofisini kwa kina baba, akitoka anazunguka vichochoro na mpenzi wake Mary Burns, Mwairishi, ndo aliyempitisha sehemu ambazo kijana wa suti asingeingia peke yake akatoka salama. Kuna kurasa anahesabu nyumba, mifereji, vyoo, utachoka kidogo lakini usiziruke maana ndo utamu wenyewe, huyu mtu ameona. Alafu ukifika kwenye faini za viwandani soma polepole. Geti linafungwa dakika 10 baada ya kazi kuanza, ukichelewa unakaa nje mpaka wakati wa chai ya asubuhi na pesa ya muda huo imeliwa. Na kuna kiwanda saa yake asubuhi inatangulia saa za mji kwa robo saa, jioni inachelewa robo saa.

Hapo niliweka kitabu chini. Unakumbuka kipindi kile nipo kwenye kiwanda cha nguo, jina niache, ile mashine ya kuweka kidole getini ilikuwa inatangulia dakika 7, nilipima na simu yangu siku tatu zote 7. Nafika saa moja kasoro 5 mashine inasema na mbili, nusu siku imekatwa, na tulikuwa tunashonea watu wa mbali ambao hata hawajui kama tupo. Nilipomwambia supavaiza akanijibu dada, saa ya kampuni ndo saa. Nililia chooni nikarudi kwenye cherehani. Sasa ona, mtu kaandika zaidi ya miaka mia na sabini iliyopita, kwa Kijerumani, kuhusu Manchester, na ananisimulia geti langu! Toka siku hiyo kila kitabu cha karne ile nasoma natafuta saa iko wapi.

Na kumbe sio mimi peke yangu. Kuna Mwingereza anaitwa E. P. Thompson, aliandika makala 1967 inahusu hilo hilo tu, jinsi saa ilivyoingizwa vichwani mwa watu. Anasema kabla ya viwanda mtu alipima muda kwa shughuli, kukamua, kuvuna, maji kupwa na kujaa, na mafundi walikuwa na Jumatatu takatifu, yani Jumapili wamekunywa basi Jumatatu hawaji na hakuna wa kuwauliza, alafu mwisho wa wiki wanafukuzana na kazi usiku kucha (unamjua mtu wa hivyo? mi namjua, ana cherehani Tanga). Ikabidi wafundishwe kwa kengele, faini, shule na mahubiri. Mpaka Wanueri, wafugaji wa Sudan Kusini ya leo, kawataja, kwamba saa yao ni ng'ombe. Nikawaza na sisi tunaoanza kuhesabu saa moja jua likishachomoza, angetukuta angefurahi.

Kitabu chake kikubwa cha 1963, kile cha jinsi tabaka la wafanyakazi wa Uingereza lilivyojijenga, ni kinene kama tofali, usitishike. Chagua sehemu ya wafumaji, alafu wale wavunja mashine walioanzia upande wa Nottingham 1811. Shuleni tuliambiwa walikuwa washamba wanaogopa maendeleo. Si kweli. Wafumaji wa soksi walikasirika kwamba matajiri wanafuma kitambaa kipana, wanakikata vipande, wanashona pembeni, wanauza kama soksi, inafumuka siku mbili na jina la fundi mzuri linaharibika na ujira unashuka. Wewe si ndo unalalamika kila siku kuhusu madera mapya yanayofumuka kwapa? Hao ndo wenzio. Bunge lilijibu 1812 kwa sheria kwamba anayevunja mtambo ananyongwa, na Byron yule mshairi alisimama kule kwenye bunge la malodi akaipinga, haikusaidia kitu.

Ukichoka na hizi za hoja chukua riwaya, na nakwambia moja tu, Germinal ya Zola, 1885. Wachimba makaa kaskazini mwa Ufaransa, mgomo, njaa. Zola hakukaa Paris akatunga, 1884 wakati wachimbaji wa Anzin wamegoma alienda akashuka mwenyewe shimoni. Kuna farasi anaitwa Bataille, miaka 10 yuko chini ya ardhi anavuta mabehewa, alafu siku moja wanamshusha mwenzie mgeni, Trompette, kafungwa kamba kama mzigo, na yule mzee anamkaribia ananusa jua kwenye ngozi yake. Nilisoma nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo. Zola alipozikwa 1902 wachimbaji walikuja mazikoni wakawa wanaita Germinal, Germinal. Kuna sehemu chafuchafu humo, Nasra asikione bado.

Dickens naye anayo ya mji wa viwanda, Hard Times, 1854, fupi, wengi wanaanzia hapo ila mimi naona watu wake wengine kama vikatuni, na yule mfanyakazi wake mwema anakuwa mwema mpaka unataka kumtikisa. Isome ukiwa na nafasi. Warusi nao tutaongea siku nyingine, kule 1861 ndo kwanza wakulima wanaachiwa toka kwa mabwana zao, moto wake ni mwingine.

Sasa mapinduzi yenyewe. Ilani ya Kikomunisti ya Marx na Engels utaimaliza jioni moja, ilichapwa London Februari 1848, na mwezi huohuo Paris ikalipuka mfalme akakimbia, ila usidhani ilani ndo ilisababisha, wengi walioko barabarani hawakuwa wameiona. Kabla ya kuisoma nataka umjue mwanamke mmoja ambaye kila siku anasahaulika, Flora Tristan. Mfaransa, alikimbia mume mkatili, 1843, miaka mitano kabla ya ilani, anatoa kitabu kidogo kuwaambia wafanyakazi wote wa kike na wa kiume waungane, na wachapishaji hawamtaki kwaiyo akapita nyumba kwa nyumba Paris anachangisha hela ya kuchapa. Alafu akaanza kuzunguka miji anahutubia mafundi, 1844 akaugua njiani akafia Bordeaux, ana miaka 41 tu. Na aliandika wazi kwamba hata mfanyakazi anayeonewa ana mtu wa kumuonea, mkewe. Nikipata nakala nyingine ntakununulia, yangu sitoi.

Ukitaka ramani ya karne yote mtafute Hobsbawm, mwanahistoria, kitabu chake cha kwanza cha karne hiyo ni cha 1962 kinaanza 1789 kinaishia 1848, kwa bei nafuu unapata Ufaransa ya mapinduzi na Uingereza ya viwanda kwa pamoja.

Cha mwisho ni cha kwetu. Bi Salme binti Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni Unguja 1844, akajifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia, 1866 akatoroka na mwaka uliofuata akaolewa na Mjerumani akaishia Hamburg, mume akafa kwa ajali ya tramu 1870, akabaki na watoto watatu kwenye baridi ile. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani 1886, mwaka mmoja tu baada ya Germinal. Mi nilivisoma kwa kufuatana. Anawabishia Wazungu waziwazi kuhusu wanavyotuwazia wanawake wa huku, na hajipendekezi, japo kwenye utumwa nilimkasirikia sana, anautetea, utaona mwenyewe.

Germinal na Engels nakutumia Alhamisi na basi la asubuhi, nimevifunga kwenye kile kitenge chako cha kijani, ntakupigia nikupe namba ya kondakta. Makala ya Thompson ntakutumia softikopi ukiweka bando. Na lile gauni langu la harusi ya Zawadi, vipimo vya mwaka jana usivitumie, kiuno kimeongezeka, ila wala sina haraka nalo mwaya, usilikeshee.

Wako,
Mwanaidi