Mapazia ya shia yanayositiri mchana na kuanika usiku

Upanga,
Dar es Salaam.
12 Februari 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Duka la Mapazia,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPAZIA YA SEBULENI NA CHUMBANI, PAMOJA NA TINTI YA KIOO

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Katikati ya Januari niliwalipa shilingi 1,140,000 kwa ajili ya mapazia ya madirisha matatu: sebule 640,000, chumba changu cha kulala 410,000 na jiko 90,000. Wiki mbili baadaye nikawaongezea 260,000 za tinti, kwa sababu nitakazozieleza. Nakala za risiti zote mbili nimeziambatisha. Sina ugomvi na ushonaji. Fundi wenu ana mkono mzuri, upindo umenyooka na ringi zinateleza bila kukwama. Ninacholalamikia ni kwamba mliniuzia kitambaa ambacho kazi yake inakwisha jua linapozama, mkaniambia kinafanya kazi saa ishirini na nne.

Nianze na dirisha lenyewe. Ninakaa ghorofa ya tatu, upande wa Sea View. Dirisha la sebuleni linatazama kaskazini-mashariki: mbele ni bahari, kushoto ni Daraja la Tanzanite. Tangu daraja lile lifunguliwe Machi 2022 nimekuwa nikikaa hapo kila jioni na kikombe cha kahawa ya tangawizi, natazama taa zinavyowaka. Mzee wa umri wangu hana anasa nyingi, na hiyo ni mojawapo. Lakini mkono wa kulia, ng'ambo ya kichochoro ambacho pikapu hupita kwa kujibana, lipo jengo la ghorofa sita, na varanda zake zote zimeelekea kwenye sofa langu.

Kwa hiyo nilipokuja dukani nilijua ninachotaka, na nilimwambia kijana wenu wa mauzo kwa mpangilio huu: kwanza stara, pili mwanga, tatu bahari yangu. Nikaomba bomba mbili za kutundikia, moja ya shia, yaani pazia jepesi la kupitisha mwanga, na moja ya pazia zito la usiku. Akacheka kwa adabu. "Mama, bomba mbili ni mambo ya zamani. Hii shia ni nzito kidogo, wewe unaona nje, wa nje hakuoni. Ndiyo habari ya mjini." Akanipeleka dirishani, akaninyooshea kitambaa, akaniambia nitoke nje ya duka nijaribu kumwona. Nikatoka. Kweli sikumwona. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Nikalipa.

Siku ya nne baada ya kufungiwa, nilikutana na mtoto wa jengo lile la ng'ambo dukani kwa Mpemba, ana miaka saba au minane.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, jana ulicheza vizuri."

Nilisimama na mkate mkononi, sijui niuweke wapi. Jana yake usiku niliwasha redio, ikapigwa taarabu ya zamani, na ni kweli, niliinuka. Nilikuwa peke yangu, au ndivyo nilivyodhani. Mtoto hakuwa na ubaya wowote, alikuwa ananisifu. Lakini wiki hiyohiyo dada yangu alikuwa amekuja kutoka Unguja, na yeye akiingia ndani huvua ushungi wake akakaa kwa raha, kama mwanamke yeyote ndani ya nyumba. Alikaa hivyo jioni tatu mbele ya varanda kumi na mbili. Sijamwambia mpaka leo, na namwomba Mungu asije akaiona barua hii.

Sasa, Ndugu Meneja, mimi nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka thelathini na moja, na aibu yangu kubwa ni kwamba ilibidi mtoto wa darasa la pili anikumbushe somo langu mwenyewe. Shia haina uchawi. Ni nyuzi na matundu. Upande wenye mwanga mwingi huzimulika zile nyuzi, zikang'aa, na mng'ao huo ndio unaomzuia aliye upande huo kuona ng'ambo. Mchana jua la nje lina mwanga zaidi ya mara mia kuliko sebule yangu, kwa hiyo anayezibwa macho ni wa nje. Jua likizama, hapa kwetu mwezi huu ni kama saa moja kasorobo, nawasha taa, na mambo yanageuka chini juu: anayezibwa ni mimi, naye wa nje yuko sinema. Kijana wenu alinifanyia jaribio sahihi katika saa inayomfaa yeye. Angenifanyia jaribio lilelile saa mbili usiku nisingetoa hata shilingi.

Nilipiga simu. Nakiri mlinijibu haraka, na siku ya pili akaja mtu na suluhisho: tinti ya kioo, ile inayometa kama miwani ya askari wa barabarani. Nilimuuliza mbele ya shahidi, "Na usiku?" Akasema, "Usiku na mchana, mama." Nikatoa 260,000.

Tinti ile ni shia kwa jina jingine. Nayo humficha aliye upande wa giza akitazamwa kutoka upande wa mwanga, basi. Mchana joto kweli limepungua kidogo, hilo siwanyimi. Lakini bahari yangu imegeuka rangi ya chai ya rangi, na saa kumi jioni inabidi niwashe taa ili nisome gazeti. Usiku ndiyo kituko. Nikikaa kwenye kiti changu na taa inawaka, mahali pa daraja naona uso wangu mwenyewe umekodoa macho, na nyuma yake friji. Jirani wa ng'ambo ananiona mimi na friji pia. Yaani nimelipa ili nisione nje, huku wa nje wakiendelea kuona ndani. Katika mambo matatu niliyoyaomba, tinti imenipunguzia mawili, na la kwanza haikuligusa.

Kuna jambo jingine la sebuleni ambalo huenda mtaliona dogo. Dirisha lina upana wa sentimita 180. Bomba mlilofunga lina 190. Pazia likivutwa pembeni hukusanyika na kufanya fungu la sentimita 35 kila upande, na kwa kuwa bomba limezidi dirisha kwa sentimita tano tu huku na tano kule, fungu halina ukuta wa kukaa. Linakaa juu ya kioo. Sentimita 30 kushoto, 30 kulia. Theluthi nzima ya dirisha imefunikwa hata pazia likiwa "wazi". Na dirisha ni la alumini la kusukuma, hufunguka nusu tu, kwa hiyo fungu limekaa palepale upepo unapoingilia. Huu ni Februari, kaskazi inavuma moja kwa moja kutoka baharini, ndio upepo pekee wa bure tulio nao katika mwezi wa joto kuliko yote, na mimi nawasha kiyoyozi kwa sababu ya nguo. Umeme wa Luku unakimbia kama una deni. Ukuta upo: nimepima, nusu mita kushoto na sentimita 60 kulia. Bomba la 250 lingeingia bila shida, fungu likalala ukutani, kioo kikabaki chote. Fundi alipokuja na tepu alipima dirisha, hakupima ukuta.

Chumbani mambo ni kinyume. Dirisha lile linatazama magharibi, chini yake ni uwanja wa magari, lango na kijiwe cha bodaboda. Kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga kwenye mto wa kulalia. Niliomba blaindi za vibapa, vile vipande vyembamba vya kulala vinavyogeuzwa. Nikaambiwa blaindi ni za ofisini, mama mtu mzima anataka chumba chenye heshima, nikauziwa pazia zito la kahawia lenye mpira nyuma. Nikilifunga, ni pango. Saa nane mchana natafuta miwani kwa kupapasa. Nikilifungua, jua kitandani na vijana wa bodaboda wananiamkia kwa sauti. Katikati ya giza na wazi hakuna kitu.

Vibapa vingenipa hiyo katikati. Ukiviinamisha ukingo wa nje uende chini, jua linalotoka juu linagonga kibapa na kukatika, aliye chini langoni akiinua macho anaona dari tu, na mimi nikisimama karibu naona mwembe wetu na nani ameingia. Mwanga unaotoka ardhini unapanda, unapiga dari, unatawanyika chumba kizima bila kuchoma. Ukivigeuza upande wa pili unamfungulia wa juu na kumfungia wa chini. Ndiyo maana anayeuza lazima aulize: wanaokutazama wako juu yako, chini yako, au sawa na wewe? Hakuna aliyeniuliza. Fomu yenu ina nafasi ya upana, urefu, rangi na namba ya simu.

Jikoni sina neno. Na nitawaambia kwa nini, kwa sababu ndiko mtu wenu mmoja alikotumia akili. Yule fundi mzee aliona sinki liko chini ya dirisha, akanishauri pazia nusu, lifungwe katikati ya dirisha lifunike sehemu ya chini, juu pabaki wazi. Nikiosha vyombo naonekana kichwa tu, na mbingu yote naiona. Nilipoliona limefungwa nilikumbuka nyumba ya bibi yetu Mkunazini, Unguja. Madirisha yake ya mbao yalikuwa na milango midogo ya chini na mingine ya juu. Wanawake wamekaa mkekani, ya chini imefungwa, ya juu iko wazi. Upepo unapita juu ya vichwa, mwanga unaingia, na mpita njia kichochoroni, hata nyumba ya pili ikiwa karibu kiasi cha kupeana chumvi, haoni kitu. Bibi hakusoma fizikia. Sijui ni lini tulianza kuamini kwamba dirisha moja linataka nguo moja kutoka juu mpaka chini.

Ninachoomba ni hiki. Tinti iondolewe, kioo kisafishwe gundi yake, na 260,000 zangu zirudishwe zote, kwa sababu niliuliza swali moja tu na nikajibiwa uongo. Sebuleni mnifungie bomba mbili za sentimita 250. Shia ibaki, ni nzuri kwa mchana, na mniongezee pazia la usiku lenye bitana, rangi isiyo nyeusi. Bei halali ya pazia hilo na bomba la pili nitalipa, maana niliyaomba tangu mwanzo. Gharama ya kubadilisha bomba lililopo ni yenu. Chumbani mlichukue pazia la kahawia mniwekee blaindi za vibapa, tofauti ya bei tuipigie hesabu pamoja. Taa za daraja msinisumbukie, nimeshajifunza: nikitaka kuziona nitazima zangu kwanza ndipo nifungue pazia, na hapo hata jirani awe na darubini haoni kitu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kusudi ambalo mnunuzi amemweleza muuzaji, akategemea ujuzi wake. Mimi nililieleza, tena kwa mpangilio. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Sipendi kwenda Tume ya Ushindani kwa ajili ya pazia, lakini nina muda, nimestaafu, na nauli ya daladala ninayo.

Ramadhani inakaribia, na nyumba yangu hujaa watu wakati wa futari, taa zote zikiwaka. Naomba kazi iwe imekamilika ifikapo tarehe 27 Februari. Mtakayemtuma kupima asije asubuhi. Aje saa moja na nusu usiku. Nitawasha taa na kukaa sebuleni na redio yangu, naye apande kwanza ghorofa ya nne ya jengo la ng'ambo, mlinzi nimeshazungumza naye, asimame varandani dakika tano. Akimaliza ndipo avuke kichochoro na tepu yake.

Wako,

Mteja, ghorofa ya tatu