Kwa Mwalimu, kuhusu paa la kanisa na mgeni wa heshima

Voi, 3 Agosti 2025

Mwalimu wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwa jina la Bwana. Huku tu wazima, ila jua limeshika na ndovu wameanza tena kuteremka mashambani usiku. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na jogoo wako aliyekuwa akikukatiza. Unasema kamati ya ujenzi imegawanyika. Kuna wanaotaka waziri aalikwe kuwa mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa, kuna wanaoogopa maneno ya watu, na wewe mwenyekiti umekaa katikati ukisubiri nani atachoka kwanza. Halafu ukanichokoza, eti mimi mhafidhina wa kutupwa nitaunga mkono mwaliko, kwa kuwa watu wa Warumi 13, sura inayotuamuru kuitii mamlaka iliyo kuu, hawawezi kumfungia mlango mwenye mamlaka.

Nakataa huo mwaliko, na uhafidhina wangu ndio unaonikataza.

Unanijua. Napenda ibada ianze kwa wakati, mtoto amwamkie mkubwa, kodi iwe ndogo, na serikali ifanye mambo machache lakini iyamalize. Tarehe 25 Juni mwaka jana vijana walipoingia Bungeni na moto ukawashwa, sikufurahi hata kidogo, ingawa ule Mswada wa Fedha niliuchukia pengine kuliko wao. Waliopigwa risasi siku ile waliniuma zaidi. Naamini katika utaratibu. Ila utaratibu haukuwekwa kwa ajili ya kijana wa barabarani peke yake, na aliyeapa huku ameshika Biblia ndiye wa kwanza kubanwa nao.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Tarehe 5 Julai 2024, wiki moja na ushee baada ya kuuondoa mswada, Rais Ruto alitangaza kwamba kuanzia hapo afisa wa serikali hatashiriki tena harambee, na Mwanasheria Mkuu aandae sheria. Nilipiga makofi hapa nyumbani peke yangu. Tarehe 17 Novemba mwaka huo huo alikuwa kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto, milioni 2 za nyumba ya mapadre, na ahadi ya milioni 3 nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zirudishwe, na zile 200,000 za Gavana wa Nairobi, Sakaja, pia. Siku chache kabla ya hapo maaskofu wenzake walikuwa wametoa tamko kali kuhusu utamaduni wa uongo serikalini. Mimi ni Mwanglikana na sina kawaida ya kuwasifu jirani zetu hawa, lakini siku ile niliwavulia kofia.

Haikuishia hapo. Machi mwaka huu ikawa milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na Jumapili iliyofuata mabomu ya machozi yakarushwa karibu na lango la nyumba ya ibada. Mshahara wa Rais ni kama milioni 1.4 kwa mwezi kabla ya makato. Piga hesabu, wewe ndiwe uliyefundisha darasa la nane: zawadi moja inapita mshahara wa mwaka mzima. Utaniambia ana kuku na mashamba. Sawa, nakubali, ni tajiri tangu zamani. Ila kiongozi wa umma akitoa kiasi hicho hadharani, kamera zikiwaka, mzigo wa kueleza fedha zimetoka wapi ni wake, si wa yule mama wa kwaya anayeuliza.

Na tangu 2003 tulikuwa na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliyomkataza afisa kutumia cheo chake kukusanya harambee. Kisha ikaja Katiba ya 2010 na Sura ya Sita yote ya uongozi na uadilifu. Sheria hatukupungukiwa kabisa. Wahafidhina wa kweli wangepaswa kuwa wa kwanza kuziimba, lakini wengi wetu tunaziimba pale tu aliyevunja akiwa wa chama kingine.

Hata lile kanisa la Ikulu, lililoandikwa magazetini mwezi uliopita kwa gharama ya shilingi bilioni 1.2, mimi halinifurahishi. Rais anasema ni mfuko wake na hatamwomba mtu radhi. Lakini ardhi ni ya umma, na ibara ya 8 inasema nchi haina dini ya serikali. Rais ajaye akiwa Mwislamu atalifanya nini? Na asiye wa dini hizi mbili atajenga nini pembeni? Atakayelia baadaye ni Mkristo, kwa kuwa mlango tuliufungua wenyewe.

Turudi kwenye kamati yako. Nakumbuka maaskofu wetu wa Kianglikana wa miaka ya themanini: Henry Okullu, David Gitari, Alexander Muge. Katika mafundisho walikuwa watu wa msimamo mkali kuliko wachungaji wengi wa leo, Muge hasa. Kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, iliyotumika 1988, waliikemea mimbarini bila kupepesa macho. Gitari alivamiwa nyumbani kwake usiku, 1989. Muge alionywa na waziri asikanyage Busia. Akaenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirudi. Nakuuliza, Mwalimu: wangeweza kusema vile kama paa la kanisa kuu lingekuwa limelipiwa na Baraza la Mawaziri?

Fikiria tu mbolea. Mwaka jana magunia yenye unga wa mawe yaliuzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku. Wabunge wakapiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule ikamsafisha. Akaja kuondoka Julai, karibu baraza zima lilipofutwa. Washirika wenu huko Molo wanalima viazi na mahindi. Mchungaji wenu angehubiri nini Jumapili ile, kama ya nyuma yake mheshimiwa wa serikali hiyo hiyo alikuwa ameacha bahasha mezani? Angehubiri uvumilivu. Wachungaji wa bahasha wanapenda sana kuhubiri uvumilivu.

Kuhusu Warumi 13, nisome kwa makini. Katika nchi hii mamlaka iliyo kuu ni Katiba, na waziri mwenyewe yuko chini yake. Ukimkatalia kipaza sauti unamtii aliye juu yake.

Najua paa linavuja. Najua wajane wenu wametoa hadi mfuko umekauka, na wanaofanya kazi wamekatwa asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya kabla hawajaiona hati ya mshahara. Ndiyo maana nasema fedha za waziri si ngeni kwao. Zimepita kwao kwanza. Ila nisikilize: akija Jumapili kama muumini, akae kwenye benchi, atie chake kikapuni kama mtu mwingine na aende zake, mkaribisheni kwa moyo wote. Huko Butere mwaka 2021, siku ya kumweka Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Ole Sapit aliwaambia wakubwa wa siasa mbele ya uso wao kwamba mimbari si yao. Walikaa, wakasikiliza neno. Hakuna aliyekufa.

Wanaotaka mwaliko wasomee hayo, kisha uwaambie mtaezeka nusu mwaka huu, upande wa madhabahu, na nusu mwakani. Mimi nitatuma changu kwa M-Pesa, usinisomee jina. Kaka yako wa Taveta naye nimeshamsumbua, amekubali kugharimia misumari na mbao za kenchi, ila anataka risiti.

Jambo moja tu unijibu haraka: mnanunua mabati ya geji gani, yaani unene gani? Fundi akikuambia 32, lile bati jembamba, inatosha kwa upepo wa Molo, tafuta fundi mwingine.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Rafiki yako wa Voi