Unataka kununua pikapu ya dizeli iliyotumika? Tuletee injini ikiwa bado baridi

Swali la kwanza la karibu kila mnunuzi ni moja: imetembea kilomita ngapi? Sisi gereji tunaliweka mwisho. Pikapu za dizeli za zamani, kama Toyota Hilux yenye injini ya 3L au 5L, Nissan yenye TD27 au Isuzu yenye 4JB1, ziliundwa kwa kazi nzito, na iliyotunzwa hupita kilomita 300,000 bila injini kufunguliwa. Nyingine hufa mapema zaidi. Zinauawa na joto, mafuta machafu na mzigo uliopitiliza, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabiwa kwenye deshibodi. Zaidi ya hayo, kilomita hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya klachi na usukani ulivyolika, utajua kama namba unayoonyeshwa ina ukweli.

Makala haya ni kwa ajili yako ambaye bado hujalipa. Ukishalipa tutakusaidia pia, ila wakati huo utakuwa umebaki na njia chache.

Kabla ya kuwashwa

Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja kuiona pikapu ikiwa haijawashwa siku hiyo. Ukifika, fungua boneti, weka kiganja juu ya injini. Ukikuta ya moto, panga siku nyingine, hata kama sababu uliyopewa inaingia akilini. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Injini iliyochoka haibani vizuri, na udhaifu huo hujificha chuma kikishapata moto. Pikapu inayowaka mara moja mchana inaweza kukusumbua kila alfajiri.

Washa swichi, subiri taa ya hita plagi (plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) izime, kisha piga stata. Injini yenye afya huwaka ndani ya sekunde chache. Sikiliza pia mzunguko wa stata wenyewe. Dizeli isipozungushwa kwa kasi haipati joto la kuwasha mafuta, kwa hiyo betri dhaifu au waya wa arthi ulioliwa na kutu unaweza kuifanya injini nzima ionekane imekufa. Usimwache muuzaji akuambie "ni betri tu", wala usimkatalie. Weka betri nzuri ujaribu tena. Lakini akitoa kopo la dawa ya kupuliza kwenye chujio la hewa ili iwake, funga mazungumzo hapo hapo. Dawa ile hulipuka kabla ya wakati wake, na kwenye injini yenye hita plagi za moto inaweza kupasua pistoni au kuvunja ringi zinazoizunguka. Injini iliyozoeshwa dawa hiyo ina tatizo ambalo mtu ameamua kutolishughulikia.

Ikishawaka, nenda nyuma utazame moshi. Moshi mweupe kidogo unaopotea haraka ni wa kawaida. Ukiendelea na una harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta hayaungui yote: huenda hita plagi moja imekufa, nozeli inayopuliza mafuta kwenye silinda inamwaga, taimingi ya pampu ya mafuta imechelewa, au kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, imeshuka. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na hapo usikimbilie kulaumu nozeli kabla hujaliangalia chujio la hewa. Kuna wauzaji wanaofungulia pampu imwage mafuta zaidi ili injini dhaifu ionekane ina nguvu. Ukipanda mlima ikakuachia wingu jeusi nyuma, uliza pampu ilishikwa lini na nani.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa chochote. Injini ikinguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili kisha kiache kimekaa juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo, hiyo ni dizeli ya umri wake. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo mazito, injini inapumua: gesi zinapita ringi na kushuka chini. Oili nyeusi kwenye kijiti isikutishe, kwa sababu masizi huifanya iwe nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Ogopa ile yenye rangi ya maziwa.

Kwa uhakika kamili tunapima kompresheni kupitia matundu ya hita plagi au ya nozeli, kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, presha ya dizeli inaizidi mbali. Tunachotazama hasa ni uwiano wa silinda. Injini ambayo silinda zote nne zimechoka sawasawa bado inaweza kukuhudumia. Yenye silinda moja iliyoanguka peke yake inakuambia kuna kitu kimevunjika au kimeungua.

Maji na joto

Tungeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu kwenye pikapu, tungechagua rejeta. Ifungue ikiwa baridi kabisa. Maji yenye kutu yanaonyesha imekuwa ikijazwa maji matupu kwa muda mrefu, na kutu hiyo hiyo ndiyo inayoziba mirija. Mafuta yakielea juu, ni mbaya zaidi. Washa injini kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokoma, au ukiwasha ikiwa imefungwa mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baadaye, maana yake presha ya silinda inavujia kwenye maji, kupitia gasketi au ufa kwenye silinda hedi. Injini za turbo za Toyota, 2L-T na 1KZ-TE, zinafahamika na mafundi kwa hedi zinazopasuka zikichemsha, kwa hiyo kwenye hizo usikubali kubahatisha.

Kosa linalotuumiza sana kuliona ni themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto) kung'olewa na kutupwa ili gari "lisichemshe". Bila hiyo injini hukaa baridi mno, hula mafuta mengi na huchakaa haraka, huku rejeta iliyoziba ikibaki vilevile. Tatizo limefichwa, na litarudi siku pikapu itakapobeba mzigo kupanda mlima. Tafadhali, fundi akikushauri hivyo, mwombe kwanza apime rejeta, pampu ya maji na klachi ya feni.

Mkanda wa taimingi

Injini za 2L, 3L, 5L, 1KZ na 1HZ za Toyota, pamoja na 4D56 ya Mitsubishi, zina mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke kwa wakati sahihi na pistoni. TD27 na 4JB1 nyingi hutumia gia, na hapo huna haja ya kukosa usingizi. Kwa zenye mkanda, kilomita 100,000 ndiyo kipimo kinachofuatwa na wengi. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Toyota nyingi za wakati huo zina taa ya kukumbusha, lakini taa hiyo huzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo isikutoshe. Hakuna karatasi ya ushahidi? Badilisha pamoja na tensha yake kabla ya safari yoyote ndefu.

Chini ya bodi

Injini hubadilishwa. Chesisi iliyooza au kupinda ndiyo inayofanya pikapu isiwe na thamani. Lala chini na tochi, ugonge kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma ya kebini hadi kwenye vishikio vya springi. Tafuta mahali palipochomelewa na rangi nyeusi iliyopakwa juzi sehemu moja tu. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye nyaraka, herufi kwa herufi. Ukikuta majani ya springi yameongezwa, jua imebebeshwa kuliko uwezo wake. Majani hayo huinua bodi, lakini ekseli, breki na chesisi hubaki zile zile.

Jambo moja ambalo wenye magari ya petroli hawalijui: dizeli nyingi za zamani hupata nguvu ya msaada wa breki kutoka pampu ya vakyumu, na kwenye Toyota nyingi pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Pedali ikiwa ngumu kama gogo, usianze kubadilisha pedi.

Ukishainunua

Tenga fedha ya huduma ya kwanza kabla hujaipa pikapu kazi. Badilisha oili na filta zote, oili ya gia boksi na ya difu, maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, fenibelti na mipira ya maji, na upake grisi kwenye krosi zote. Chagua oili ya daraja la dizeli, linaloanza na herufi C kwenye alama za API (viwango vya oili) zilizoandikwa kwenye kopo. 15W-40 inazifaa injini hizi sehemu nyingi. Baada ya hapo oili ni kila kilomita 5,000. Ukisubiri zaidi, masizi ndiyo yatakayokuwa yakizunguka ndani.

Filta ya dizeli tunaibadilisha mapema kuliko vitabu vinavyosema, na tunawaomba wateja wamwage maji yaliyokusanyika chini yake mara kwa mara, hasa taa yake ikiwaka. Maji huharibu nozeli na pampu. Ukinunua pikapu ya kizazi cha komoni reli, ambamo presha ya mafuta hupita baa 1,000, jambo hili huwa zito mara nyingi zaidi, maana nozeli zake ni ghali na hazivumilii hata uchafu usioonekana kwa macho.

Ikiwa pikapu inawaka kwa shida asubuhi ingawa hita plagi ni nzima, jaribu kupampu kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya filta. Ikiwaka mara moja baada ya hapo, hewa inaingia kwenye mfumo wa mafuta usiku. Mara nyingi ni mpira uliokauka au klipu iliyolegea, kazi ndogo ambayo watu huilipia kama matengenezo ya pampu nzima.

Geji ya joto ikipanda, simama. Acha ipoe yenyewe, usimwage maji baridi juu ya injini ya moto. Na ikitokea injini imepanda kasi yenyewe na swichi haiizimi, inakula oili yake. Kama ni ya gia za mkono, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi hadi izimike. Usipeleke mkono kwenye mdomo wa kuvuta hewa.

Jinsi tunavyokagua

Pikapu ilale kwetu usiku mmoja, tuiwashe wenyewe asubuhi. Muuzaji anakaribishwa kuwepo. Asioshe injini kabla ya kuileta. Alama za oili zinatuonyesha inavuja wapi. Tunapima kompresheni, presha ya rejeta, chaji na chesisi, kisha tunaiendesha ikiwa na mzigo, kwa sababu ikiwa tupu karibu kila pikapu huonekana nzima. Utapewa karatasi yenye kila kipimo: kinachotakiwa kushughulikiwa kabla ya kutembea, kinachoweza kusubiri, na makadirio ya gharama ya kila kimoja, ili ukae na muuzaji mkiongelea bei. Tukiona haifai kununuliwa, tutaiandika hivyo, na gharama yetu itabaki ya ukaguzi tu.